Re: Majibu ya ED yanatoka wiki ijayo, nyumba haikaliki

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na poleni na baridi.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwanzoni mwa Novemba alituma maombi ya mapema kwenye chuo kimoja cha mashariki ya Marekani, yale ya ED (Early Decision), ambayo wakikuchukua umeshajifunga kwenda. Yeye, mimi na mshauri wa shule yake, sote tulitia saini. Majibu ni wiki ijayo, saa moja jioni ya New York.

Hapa nyumbani mtoto halali, hali, simu haitoki mkononi. Yumo kwenye makundi ya wenzake yanayochambua nani alichukuliwa mwaka jana na kwa maksi gani. Nyanya yake anapiga kutoka Mombasa kila siku: "Matokeo yashatoka?" Nimemwambia hii si KCSE, hakuna waziri atakayesimama mbele ya kamera kutangaza. Haniamini. Baba yake anasema "Inshallah", kisha analala fofofo.

Langu ni hili: wakimchukua halafu pesa isitoshe, hiyo saini inatubana vipi? Na nyinyi mliopita hapa mlivukaje siku hizi?

---

Kutoka: Kaka wa Columbus

Dada, waalaikum salaam. Nimefanya kazi ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo kwa muda, kwa hiyo acha nijibu la pesa.

Ile saini ni ahadi nzito, ila hakuna atakayekupeleka mahakamani. Fomu yenyewe ya maombi inasema kwamba msaada ukiwa hautoshi kumwezesha mwanafunzi kusoma, anaweza kukataa nafasi na kuachiliwa. Lakini "hautoshi" lazima uonyeshe kwa hesabu. Ukisema tu kwamba kuna chuo kingine cha bei nafuu, hapo umevunja ahadi, na mshauri wa shule aliyesaini nanyi ndiye atakayeaibika.

Kabla majibu hayajatoka, kaa na mzee chini, bila mtoto, mkubaliane kiasi mnachoweza kulipa kwa mwaka. Kiandikeni. Kisha ingieni kwenye kikokotoo cha gharama cha chuo hicho. Sheria ya 2008 inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kuwa nacho kwenye tovuti. Chapisheni kile kinachotoka. Barua ya msaada ikija, mnaziweka karatasi mbili pamoja na kuona tofauti.

Barua hizo zisomeni kwa jicho kali. Nyingine huorodhesha ruzuku, mkopo na ajira ya chuoni kwenye safu moja, chini wanajumlisha, familia inapiga vigelegele. Mkopo ni deni. Ajira ya chuoni ni saa ambazo mtoto bado hajazifanya kazi. Toa ruzuku peke yake kwenye gharama zote, pamoja na chakula, malazi, bima na nauli, na kinachobaki ndicho mnachodaiwa. Kikizidi kile mlichoandika, ombeni kwa maandishi wapitie upya, mkiambatisha vielelezo. Na hiyo iwe kabla hajaondoa maombi ya vyuo vingine, kwa sababu akishakubali nafasi ya ED anatakiwa ayaondoe yote.

---

Kutoka: Baba wa Dallas

Habari zenu wote. Shikamoo kwa wakubwa.

Kaka kaeleza vizuri upande wa kuchukuliwa. Mimi nina uzoefu wa ule mlango wa katikati. Kijana wangu mwaka jana hakukubaliwa wala hakukataliwa, wakamsogeza kwenye kundi la kawaida, linalojibiwa mwishoni mwa Machi. Siku ile tuliona kama msiba, lakini ukisogezwa hivyo kile kifungo cha ED kinakwisha palepale. Uko huru kwenda popote. Kuna vyuo ambavyo kusogezwa ni jambo la kawaida kabisa: Georgetown kwenye maombi yake ya mapema hakatai mtu, ama anakuchukua ama anakusogeza.

Dada, linalonitia wasiwasi mimi ni kalenda. Majibu yanatoka katikati ya Desemba. Vyuo vingi mwisho wa kupokea maombi ya kawaida ni siku za mwanzo za Januari. Katikati hapo kuna Krismasi, shule imefungwa, mshauri kasafiri, na mwalimu wa kuandika barua ya mapendekezo hajibu ujumbe. Wiki hii, kabla likizo haijaanza, binti ahakikishe shule imeshatuma maksi zake na barua kwa vyuo vyote vilivyobaki. Insha nazo azimalize sasa. Kuandika juu ya ndoto zako usiku uliokataliwa ni adhabu, niliishuhudia mezani kwangu. Akichukuliwa, insha hizo zitakuwa zimepotea bure. Sawa tu.

Na akisogezwa, atume barua fupi moja ya kusema bado anakitaka chuo, yenye mambo mapya tu: maksi za muhula, tuzo, kazi. Asiwapigie kila wiki.

Wa kwangu hatimaye walimkataa Machi. Yuko chuo cha jimbo, anasoma uhandisi, na bili naimudu.

---

Kutoka: Dada wa London

Poleni wa Marekani, ila msidhani mnasubiri peke yenu. Huku walioomba Oxford na Cambridge wanafanya usaili Desemba hii na kujibiwa Januari. Na jibu lenyewe lina masharti: unapewa nafasi ukipata alama fulani, na alama zinatoka Agosti. Nyinyi mtoto akichukuliwa mnapika pilau. Sisi tunaloweka mchele tu.

---

Kutoka: Ndugu wa Louisville

Jambo bandugu. Sisi ni wa Kivu, tulipitia kambi ya Nyarugusu. Niongeze moja kwa familia za wakimbizi zinazosoma kimya. Kuna mtu shuleni alimwambia binti yangu kwamba yeye ni mgeni, asijaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Si kweli. Aliyeingia kama mkimbizi, mwenye I-94, ile fomu ya kuingia nchini, inayoonyesha hivyo, anastahili msaada wa serikali kuu, hata kama kadi ya kijani haijafika. Ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa, huyo hastahili. Msikubali kuchanganywa.

---

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Ahsanteni sana. Leo ameketi na insha mbili, angalau simu imepumzika.

Kaka, ofisi ya chuo imetuandikia ikitaka maelezo ya nyumba ya Kisauni, Mombasa, tuliyoitaja kwenye CSS Profile, ile fomu ya mali na mapato ya familia ambayo vyuo vingine hudai. Ni urithi, tuko ndugu watano, na anayeishi humo ni mama. Niseme nini? Na pesa ninazotuma kila mwezi je?

---

Kutoka: Kaka wa Columbus

Sema hivyohivyo, na jibu leo, maana faili lisilokamilika huchelewesha barua ya msaada. Thamani iwe ya fungu lako tu, kwa dola, na ueleze kwamba nyumba haijagawanywa, haikodishwi na mzazi anaishi humo. Kama kuna karatasi ya mirathi ya kadhi, itume pamoja na tafsiri. Pesa za kila mwezi ziandike kama hali maalumu, uweke stakabadhi za kutuma pesa za mwaka mzima. Si lazima wazihesabu, lakini wasipoziona hawawezi kuzihesabu kabisa.

---

Kutoka: Baba wa Dallas

Dada, na muulize mapema anataka kufungua majibu na nani. Wa kwangu alitaka awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, sisi tukae sebuleni na televisheni iwe juu.