"TUMEKUSAIDIA MAGOTI": Huyu bwana wa ubao wa pointi ananitafuta nini?

Mzee wa Kinyoya (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nimetoka ukumbini sasa hivi, jasho halijakauka, raketi nimeitupa siti ya nyuma na sijui hata nimeendeshaje mpaka nimefika. Naandika nikiwa kwenye gari nje ya kwangu, maana nikiingia ndani na hasira hizi wali utaungua kabla haujainjikwa.

Huyu bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Funguo za ukumbi anazo yeye. Ubao wa pointi wa kwake. Filimbi ya kwake (mchezo wa vinyoya, yaani badminton, na filimbi wapi na wapi, jamani?). Hela za vinyoya anakusanya yeye, na vinyoya vikija ni vya plastiki. Dar nzima hii hakuna anayeshika raketi ambaye hajawahi kukwaruzwa na yule bwana.

Leo tulikuwa na nusu fainali ya bonanza letu. Seti ya kwanza nimechukua 21-17. Ya pili kijana kachukua 21-15, sibishi, ana miguu ya swala. Ya tatu nikaanza vibaya, nikajikuta niko nyuma 14-6. Sasa wanaonijua wanajua mimi ni injini ya dizeli, lazima ipate moto kwanza. Ikapata. Dropu, ile ya kuangukia karibu na wavu, saba. Smashi ya mstarini, nane. Kijana akaanza kukagua nyuzi za raketi, na mtu akishaanza kukagua nyuzi ujue kaisha. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili! Watu wamesimama juu ya viti. Mama wa chapati kaiacha chapati kwenye kikaango kaja mlangoni. Nikapiga moja ikagonga utepe wa wavu ikaangukia kwangu, 15-12. Si kitu. Nikageuka kufuta jasho.

Kugeuka tena, yule bwana kaunyanyua mkono wa kijana juu kama refa wa ndondi.

Nikamuuliza, vipi tena? Akasema siku hizi ni kumi na tano. Siku hizi! Seti mbili nzima tumecheza ishirini na moja, hizo "siku hizi" zimeanza saa tisa na nusu alasiri ya leo? Halafu sasa, na hapa ndipo nilipotaka kukila kinyoya kizima na kizibo chake, akanishika bega mbele ya watu wote, mbele ya mama wa chapati, mbele ya mwanangu wa darasa la tano niliyemleta makusudi aje amwone baba yake, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Shukuru mzee. Tumekusaidia magoti."

TUMEKUSAIDIA MAGOTI.

Nani alimpelekea malalamiko ya magoti yangu? Haya magoti yamepanda ghorofa sita mwaka mzima lifti ikiwa mbovu na hayajamwomba mtu msaada! Mtu nimetoka 6 nimefika 12 kwa pumzi moja, halafu uniambie umenisaidia magoti?

Njia nzima mtoto: "Baba, kwani magoti yanakuuma?" Nikamnunulia soda anyamaze. Kanywa, katulia, tumekaribia nyumbani: "Baba, sasa yule alijuaje?"

Hoja yangu ni fupi. Mtu akikukopa elfu ishirini na moja akakurudishia kumi na tano, utamwambia ahsante umenisaidia mfuko? Nijibuni.

Chai ya Rangi

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

Bi Mkasa

Mkuu, kwanza ingia ndani. Majirani wanakuona umejifungia kwenye gari unaongea peke yako.

Nyavu Tupu

Swali dogo. Seti ya tatu mnabadilishana upande mtu akifika 11. Leo mlibadilishana kwenye ngapi?

Mzee wa Kinyoya

Kwenye 8.

Nyavu Tupu

Na hukujiuliza?

Mzee wa Kinyoya

Nilidhani ni kwa sababu ya jua la dirishani.

Nyavu Tupu

Hahahaha jamani mbavu zangu. Mkuu, kwenye mfumo wa 15 upande unabadilishwa kwenye 8. Yule bwana alikuambia mapema kwa vitendo, wewe ukawa unamshukuru kwa kukutoa juani.

Mzee wa Kinyoya

Hata kama! Alisema TUMEKUSAIDIA MAGOTI. Mbona hilo hamlijibu?

Raketi ya Mbao

Vijana mnaishangaa 15 kama imezaliwa jana. Sisi kabla ya 2006 tulikuwa tunacheza 15, na pointi unapata pale tu unapoanzisha wewe. Mwenzio akianzisha ukamshinda, ulichopata ni zamu ya kuanzisha, basi. Wanawake kwenye mchezo wa mmoja mmoja walikuwa na 11 yao. Mnaweza kukaa kwenye 9-9 mkarudishiana zamu mpaka muadhini akaita, na bado ni 9-9. Ilipoletwa hii 21 ya kila mpira pointi, tulitoa povu hili hili unalotoa wewe. Tukasema mchezo umeuawa, mtu hapewi hata nafasi ya kukosea. Mimi mwenyewe niliacha kucheza kwa hasira.

Nikarudi baada ya wiki mbili.

Sasa hii 15 ya leo siyo ile yetu. Hii nayo ni ya kila mpira pointi, ikifika 14-14 mnatafutana tofauti ya mbili, mwisho 21. Jina moja, tabia mbalimbali, kama Juma wa kwetu na Juma wa kwenu.

Kiwiko Kikavu

Fainali ya Olimpiki London 2012, Lee Chong Wei wa Malaysia alimfunga Lin Dan wa China seti ya kwanza 21-15. Lin Dan akarudi, 21-10, 21-19, dhahabu. Hakufungua uzi.

Mzee wa Kinyoya

Lin Dan hakuambiwa amesaidiwa magoti! Na umenisaidia hoja bila kujua. Mtu akifika 15 anaweza bado kuwa hajashinda kitu. Mwaka 2011 kule Wembley hao hao wawili, fainali ya dunia, seti ya tatu iliisha 23-21. Angekuwepo yule bwana na filimbi yake, tungeambiwa wote wawili wamesaidiwa magoti.

Kiwiko Kikavu

Kwa hiyo wewe ni Lin Dan.

Mzee wa Kinyoya

Sijasema hivyo.

Chai ya Rangi

Kasema. Tumesoma. Kuanzia leo ni Lin Dan wa Ghorofa ya Sita.

Mtu wa Ratiba

Mnamwonea bure yule bwana. Ukumbi saa kumi kamili ulikuwa unatakiwa na watu wa sendofu, wapambaji walishafika na mapazia yao nje. Mnajua mechi za 21 zinavyoweza kwenda? Mwaka 2016 mashindano ya Asia, nusu fainali ya wanawake wawili wawili, Wajapani na Waindonesia, dakika 161. Seti ya mwisho 24-22. Ile mechi ikichezewa kwetu, bibi harusi anaingia wavu bado haujashushwa.

Na mfumo wenyewe hajautunga yeye. BWF, shirikisho la dunia la mchezo huu, walianza kuujaribu mwaka 2025 kwenye baadhi ya mashindano, na kura ya wanachama ikapangwa 2026.

Nyavu Tupu

Na kura yenyewe siyo ya mchezo, inataka theluthi mbili. Mwaka 2021 walileta seti tano za pointi 11, Indonesia na Maldives ndio waliopeleka pendekezo, likapata asilimia 66.31. Likaanguka kwa unywele. Hata 2018 lilikuwa limeanguka.

Mzee wa Kinyoya

MMEONA? Dunia nzima inakaa kikao, inapiga kura, inahesabu mpaka senti za asilimia. Mimi nimepigiwa kura na mtu mmoja, kapu la funguo mkononi, katikati ya seti, NIMEGEUKA KUFUTA JASHO.

Haki Itendeke (amejiunga leo)

Naomba kuweka rekodi sawa. Mimi sihusiki, nilikuwa mtazamaji tu. Kabla ya seti ya tatu ilitangazwa wazi kwamba itachezwa 15 kwa sababu ya muda, na kijana aliitikia. Mzee hakusikia kwa kuwa alikuwa ameinama anapandisha soksi za magoti. Zote mbili. Halafu vinyoya siyo vya plastiki, ni vya nailoni, na stakabadhi zipo.

Mzee wa Kinyoya

NI YEYE! NI YEYE HUYU! Nani mwingine ana stakabadhi za vinyoya?

Bi Mkasa

Subirini kwanza. Soksi za magoti?

Chai ya Rangi

ZOTE MBILI?

Mzee wa Kinyoya

Nilivaa moja kwa kinga. Ya pili ni ili zifanane.

Kiwiko Kikavu

Mtoto aliuliza "alijuaje". Mtoto ana akili huyu, msomeshe.

Raketi ya Mbao

Hapana, hapa nimelala chini.

Nairobi Njiani

Wueh, nyinyi mko afadhali. Huku Nairobi tuko na mmoja kwenye klabu, akiongoza anaita pointi kwa sauti mpaka askari wa geti anasikia. Akipoteza anaita chini chini kama mtu anaomba mkopo. Mchezo ukifika kati unauliza ni ngapi, anakwambia "tuseme kumi, kumi". Tuseme! Mimi niko na kumi na nne!

Mpenda Bata

Tatizo la mchezo huu wala siyo 15 wala 21. Ni bei ya vinyoya. Kinyoya halali cha manyoya ya bata kina manyoya 16. Nimefungua mkebe juzi, kimoja kina 14, kingine kimepinda kama mdomo wa kasuku. Unapiga moja kwa moja kinakwenda kumsalimia mtu wa kiwanja cha pili. Bata wenyewe kwani wamekwenda wapi?

Mswahili wa Maskati

Wallahi, nyinyi mnalia vinyoya. Huku kwetu joto likizidi wanafungua viyoyozi mpaka mwisho, na upepo wake unapuliza upande mmoja tu wa ukumbi. Ukipiga dropu kutoka upande wa mlango inakuwa klia, inakwenda mpaka nyuma kabisa ya kiwanja. Wahindi wanaotufunga kila Ijumaa washaujua upepo ule, ikipigwa shilingi hawachagui kuanzisha, wanachagua upande.

Shemeji Mkubwa

Habari za kubadilishiwa sheria katikati ya mchezo msinikumbushe. Shemeji yangu kwenye drafti, tunacheza vizuri, mimi nimeingiza kingi, akasema kijijini kwao kingi harudi nyuma. Kijijini kwao! Sasa mimi nimeingiza kingi wa nini, aende akaishi huko mbele?

Mtu wa Ratiba

Kingi anarudi nyuma. Hilo halina mjadala.

Mpenda Bata

Anarudi ila hatua moja moja.

Shemeji Mkubwa

Hatua moja moja umeitoa wapi wewe? Kingi anateleza mstari mzima! Na wewe ni wa kijiji hicho hicho?

Mzee wa Kinyoya

Jamani, turudi kwenye uzi.

Bi Mkasa

Kwetu kete ikiacha kula inatolewa. Mume wangu hataki. Tumekaa siku tatu bila kusemeshana kwa ajili ya kete moja.

Raketi ya Mbao

Inatolewa ndiyo. Mwambie mumeo nimesema mimi.

Mtoto wa Bonanza

Mimi nilikuwepo pale leo na nina langu. Ile chapati iliyoachwa kwenye kikaango wakati mzee anapanda kutoka 6 kwenda 12, NILIUZIWA MIMI. Upande mmoja nyeupe, upande wa pili lami. Namuuliza mama wa chapati anasema "si ulikuwa unashangilia na wewe?" Bei ile ile. Mzee wa Kinyoya, hiyo chapati naidai kwako.

Chai ya Rangi

Hii sasa ndiyo kesi. Weka picha ya chapati.

Mtoto wa Bonanza

Nimeshaila, nilikuwa na njaa.

Kiwiko Kikavu

Kesi imefutwa, ushahidi umeliwa.

Haki Itendeke

Kwa taarifa tu, mama wa chapati hayuko chini ya kamati.

Mzee wa Kinyoya

Umeona anavyosema "kamati"? Mtazamaji gani anasema kamati? Haya, na magoti yangu je?

Nyavu Tupu

Mkuu, pumzika kidogo. Uzi huu tunaumalizia kwenye 15.

Shemeji Mkubwa

Hakuna aliyenijibu lakini. Kingi anateleza au hatelezi? Shemeji yuko hapa sebuleni, anasubiri.