Gumzo la Ukoo: Bango la Neema

*Kikundi: UKOO – MASSACHUSETTS. Jumamosi*

Mama Neema, 9:12
Shikamooni wakubwa. Neema ana bango la shule, "mtu aliyewatumikia watu wake". Kamchagua Gladys Widdiss wa Aquinnah, kule kisiwani Martha's Vineyard. Sentensi ya kwanza kaandika: "Alikuwa malkia wa Wahindi Wekundu." Naomba mpitie kabla ya Jumatatu.

Mjomba Sefu, 9:20
Marahaba. Malkia hapana. Na hao "Wahindi Wekundu" afute kabisa, aandike Wawampanoag. Maana ya jina ni watu wa mapambazuko, kwani wako mashariki kabisa, jua linaanzia kwao.

Mjomba Sefu, 9:22
Wampanoag wana makabila mawili yanayotambuliwa na serikali kuu ya Marekani: la Mashpee, upande wa bara, kwenye rasi ya Cape Cod, na la Aquinnah kisiwani. La Aquinnah kwenye nyaraka za serikali bado linaitwa la Gay Head, jina la zamani la mji. Mji wenyewe ulibadilishwa jina rasmi 1998. Asiyachanganye hayo mawili, maana kesi zao ni tofauti.

Mjomba Sefu, 9:23
Huyu mama Gladys, aliyezaliwa 1914, alikuwa rais wa baraza la kabila 1978 hadi 1987. Cheo cha kura. Alifariki 2012, miaka 97.

Baraka, 9:31
Miaka tisa ya vikao tu? Mwalimu atataka tendo 😅

Mjomba Sefu, 9:40
Vikao ndiyo tendo lenyewe, mpwa. Sikia. 1870 jimbo la Massachusetts liliigeuza Gay Head kuwa mji, ardhi ya wote ikawa mali ya mji: magenge ya udongo (zile kuta za mwinuko kando ya bahari), kijito cha samaki wa heringi, na mabwawa ya kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu. 1974 baraza likaushtaki mji kuidai. Na wapiga kura wengi wa mji huo walikuwa Wawampanoag wenyewe! Yaani unamshtaki jirani ambaye ni binamu yako, na jioni mnakutana dukani.

Mjomba Sefu, 9:44
Halafu angalia mwaka Gladys alioingia. Januari 1978, mahakamani Boston, Mashpee wameshindwa kesi yao ya ardhi. Wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, waliulizwa kama Mashpee walikuwa kabila katika miaka sita: 1790, 1834, 1842, 1869, 1870 na 1976. Wakasema ndiyo kwa 1834 na 1842, hapana kwa mingine yote. Kabila la kuwashwa na kuzimwa kama taa ya ukumbini! Mashpee walikuja kutambuliwa 2007.

Baraka, 9:46
Kwa hiyo Aquinnah wakakwepa mahakama?

Mjomba Sefu, 9:53
Walikwenda njia mbili pamoja. Ya kwanza, mapatano na mji na jimbo. Ya pili, maombi ya kutambuliwa na serikali kuu kuwa kabila, kwa kanuni zilizotoka 1978 hiyohiyo. Masharti ni saba. Katiba na orodha ya wanachama ni kazi ya karani. Yanayoangusha watu ni mawili: uonyeshe mmebaki jamii moja bila kukatika, na uonyeshe mna uongozi ambao watu wanausikiliza. Hapo "tunapendana sana" haisaidii. Wanataka mihtasari ya vikao yenye tarehe, nani alihudhuria, nani kaoa wapi, kazi gani zinafanywa kwa ushirika, ugomvi uliamuliwa na nani. Kikao kisichoandikwa hakikufanyika.

Mjomba Sefu, 9:55
Mapendekezo ya kwanza ya serikali, 1986, yalikuwa KUKATAA. Wakaongeza ushahidi, Februari 1987 uamuzi ukageuka. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya mapatano, na fungu la kununulia ardhi, nusu la serikali kuu na nusu la jimbo, dola milioni 2.25 kila upande. Magenge, kijito na mabwawa vikarudi. Leo kabila lina karibu ekari 485.

Mama Neema, 10:02
Asante mjomba. Neema anauliza, huyo Gladys alijuaje ni Mwampanoag? Alipima DNA?

Shangazi Mwanaidi, 10:09
DNA haimo, mwanangu. Kile kipimo hakijui wewe ni wa nyumba gani Aquinnah. Kinachoangaliwa ni orodha ya 1870, alipotumwa Richard Pease kuandika watu wa Gay Head. Lazima ushuke moja kwa moja kutoka kwa mtu aliyemo humo. Mashpee wana orodha yao, ya John Milton Earle, ya 1861.

Shangazi Mwanaidi, 10:15
Unapanda ngazi kwa karatasi: cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi, cha bibi, mpaka umguse mtu wa orodhani. Kila kipandio na cheti chake. Kinachokwamisha watu:
cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi, hicho hakifai, uagize kile kirefu chenye mhuri;
bibi aliyeolewa mara mbili, bila cheti cha ndoa jina linakuwa la mtu mwingine;
baba hakuandikwa;
na aliyeasiliwa utotoni, faili lake limefungwa, mpaka mahakama ilifungue. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza, kwa sababu damu ipo na kila mtu anajua.

Baraka, 10:18
Ukishaandikishwa basi, umekuwa mwenyeji?

Shangazi Mwanaidi, 10:24
Umepata kura. Uenyeji ni kuonekana. Jumanne ya pili ya Oktoba ni Siku ya Kranberi, watoto wa kabila wanaruhusiwa kutokwenda shule, wanakwenda kuchuma pamoja na wazee. Neema aweke hiyo kwenye bango, wenzake watamwonea wivu.

Mjomba Sefu, 10:30
Na asiandike kwamba 1987 mambo yaliisha. Sheria ile iliacha ardhi hiyo chini ya sheria za jimbo. Baadaye kabila likajenga kibanda na gati kwenye kituo cha kuzalisha chaza bila kibali cha mji, wakashtakiwa, na 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema mapatano yanawabana. Kibanda tu, jamani! Bei ya mapatano unaijua siku ya kupigilia msumari.

Dada Zuhura, 10:41
Nimechelewa. Mbona hamjasema Gladys alikuwa mfinyanzi?? Udongo wa yale magenge una rangi zake mwenyewe, mwekundu, mweupe, wa manjano, wa kijivu. Ukiukanda pamoja kidogo, chungu kinatoka na mistari kama mawingu ya magharibi. Ukiukanda mno, rangi zinamezana unabaki na tope la kahawia. Na kila rangi inanywea kwa kiasi chake, kwa hiyo ukikausha haraka kinapasuka pale rangi zinapokutana.

Dada Zuhura, 10:43
Halafu havichomwi. Vinakaushwa juani tu. Moto unageuza vyote kuwa rangi ya tofali. Kwetu tungeviita vibichi, na kweli ukitia maji vinayeyuka. Ni vya kuangalia. Udongo wenyewe wanachota wanakabila tu, mgeni haruhusiwi hata kiganja.

Mama Neema, 10:44
Eh. Neema kafinyanga cha kuweka mbele ya bango. Udongo wa dukani, rangi tatu.

Dada Zuhura, 10:44
Safi! Kiko wapi sasa?

Mama Neema, 10:45
Ngoja nikazime oveni