Ninataka Mfalme Strephon asiuawe: nibadilishe historia rasmi kwa kiasi gani?

Nahodha_Njiro (Arusha) ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuongoza kwa muda mrefu michezo ya kuigiza wahusika, hasa ile ya hadithi za kisayansi ambayo huja na historia yake ikiwa imekwisha kuandikwa. Mimi ni mwamuzi (yaani msimulizi anayeamua yanayotokea katika hadithi) wa kundi la watu watano tunaokutana Jumamosi nyumbani kwangu Njiro, na tangu mwaka jana tunacheza Traveller, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1977. Kwa wasioufahamu, wahusika wetu wanaishi katika Himaya ya Tatu, dola yenye sayari zipatazo 11,000, na wanamiliki chombo kidogo cha mizigo cha tani 200 kinachohangaika kutoka bandari hadi bandari katika eneo la mpakani liitwalo Spinward Marches.

Kwa kalenda ya Himaya tumefika mwishoni mwa mwaka 1115, na kila aliyesoma vitabu anajua kinachofuata. Mwaka 1116 Mfalme Strephon anauawa katika ukumbi wa kiti chake cha enzi na Dulinor, mmoja wa wakuu wake mwenyewe, kisha wadai urithi wanapigana mpaka dola inavunjika vipande. Hayo yaliletwa na toleo la 1987. Toleo la 1993 likaongeza kirusi cha kompyuta kinachoteketeza karibu kila kilichosalia. Mimi sivitaki vita hivyo wala kirusi hicho. Kilichonivutia tangu mwanzo ni dola kubwa, kongwe, yenye urasimu mwingi, inayosimama kwa sababu makarani wake wanaendelea kufika kazini kila asubuhi, na sioni raha ya kuibomoa kwa sababu tu mwandishi fulani aliamua hivyo kabla baadhi ya wachezaji wangu hawajazaliwa.

Ugumu ni kwamba mchezaji mmoja, ambaye hupanda basi kutoka Moshi kila Jumamosi na ambaye wenzake hawakubali kuanza bila yeye, amesoma vitabu vyote. Mhusika wake ni fundi mitambo ambaye hajawahi kufika karibu na mji mkuu, lakini katika vikao vitatu vya karibuni amekuwa akiwashawishi wenzake wanunue vipuri vya silaha na kuvirundika ghalani, bila kutoa sababu yoyote ambayo fundi mitambo angeweza kuwa nayo. Sote tunaijua sababu. Je, nimwambie waziwazi kwamba mfalme hatakufa, au ninyamaze aone mwenyewe? Na nikishaubadilisha mwaka 1116, natakiwa kuandika upya mambo mangapi mengine?

BintiMachame (Moshi) amejibu:

Kaka Nahodha, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona unamhangaikia mfalme ilhali jambo zito liko ndani ya chombo chako. Kama mnafuata kanuni za kawaida, chombo hicho kimenunuliwa kwa mkopo, na kila mwezi mnalipa sehemu moja ya 240 ya bei yake kwa muda wa miezi 480. Hiyo ni miaka arobaini ya deni. Mfalme afe au apone, swali litakalowakosesha usingizi wachezaji wako ni benki ipi itapokea malipo ya mwezi ujao, na kama bandari inayofuata itautambua mhuri ulio kwenye leseni yao.

Nasema hivi kwa sababu nimelelewa na simulizi ya dola iliyovunjika. Baba yangu alikuwa karani wa reli hapa Moshi wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na moja la ndege. Jumuiya ilikufa mwaka 1977 (ndiyo, mwaka uleule ambao mchezo wenu ulizaliwa) na mpaka wetu na Kenya ukafungwa tangu Februari ya mwaka huo hadi mwishoni mwa 1983. Baba akilieleza jambo hilo hawataji marais hata kidogo. Anaeleza mabehewa. Behewa lililokuwa upande ule siku ya kufungwa lilibaki upande ule. Fomu zilizokuwa zikisubiri saini Nairobi hazikurudi. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na minane chini ya shirika la nchi tatu aliamka asubuhi asijue ni serikali gani inayomdai jasho lake na ni ipi itakayomlipa. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalifikiwa mwaka 1984, yaani miaka saba baadaye, na madai ya mafao ya wastaafu yaliendelea kusikika kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kwa hiyo mimi nisingeandika upya historia ya Himaya nzima. Ningechukua nusu ukurasa na kuandika yale tu yanayoifikia bandari: deni, mafuta, leseni, barua, mishahara ya maofisa wa forodha. Ukimwacha Strephon hai, dola bado inaweza kuwa na nyufa za aina hii, na nyufa hizo zina mchezo mwingi kuliko mapigano ya wakuu walio mbali.

Jambo la pili ni kwamba huna haja ya kuharakisha. Katika ulimwengu huo hakuna redio inayovuka anga kwa kasi kuliko chombo, na kila mruko wa chombo kutoka nyota hadi nyota huchukua takriban wiki moja, uwe wa paseki moja au sita (paseki ni kipimo cha umbali wa angani). Habari kutoka mji mkuu huchukua miezi mingi kufika mpakani kwenu. Mfalme anaweza kuuawa leo na wachezaji wako wakaendelea kunywa kwa afya yake hadi karibu mwakani.

Mwalimu_Soweto (Moshi) amejibu:

Namuunga mkono BintiMachame kuhusu mabehewa, na nitayatumia darasani kwa idhini yake. Ila sikubaliani na ushauri wake wa kutoharakisha, ikiwa maana yake ni kwamba mwamuzi aahirishe uamuzi. Habari kuchelewa ni jambo la wahusika. Mwamuzi yeye lazima ajue tangu sasa kilichotokea, la sivyo wachezaji watainusa hali yake ya kusitasita, nao hawatauliza tena maswali yenye maana.

Kuhusu neno hili “historia rasmi”, ningependa tulichunguze kabla hatujalipigia magoti. Mwaka 1998 kampuni ya Steve Jackson Games ilitoa toleo lake la mchezo huohuo, kwa leseni, na katika toleo hilo Dulinor anakufa kabla hajatekeleza azma yake, Strephon anaendelea kutawala, na Himaya haivunjiki. Wala usiende mbali kiasi hicho, kwani katika maelezo ya toleo la 1987 lenyewe anajitokeza mtu anayedai kwamba yeye ndiye Strephon halisi na kwamba aliyeuawa alikuwa mtu wa kumwigiza. Waandishi wenyewe waliacha mlango wazi. Nahodha akiupitia hatakuwa amevunja nyumba ya mtu.

Sasa nije kwenye njia ambayo ningeitumia mimi. Sisi tulio chini ya Kilimanjaro tunajua vizuri namna masimulizi yanavyoweza kuishi bila kutegemea ukweli. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu ukiwa na theluji mwaka 1848, na taarifa yake ilipofika Ulaya wapo wasomi walioipinga, akiwamo William Desborough Cooley wa London, kwa hoja kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliyeketi maktabani alimsahihisha aliyesimama mlimani. Upande wa pili, mpaka leo mgeni akiuliza kwa nini mstari wa mpaka unaukwepa mlima, atapata mtu wa kumweleza kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mpaka ule ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na wakati huo Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari. Wanafunzi wangu wakishaelezwa hivyo, wiki inayofuata wanaandika zawadi ileile kwenye daftari, kwa sababu zawadi inasimulika na mapatano hayasimuliki.

Basi yachukue yale yote yaliyoandikwa katika toleo la 1987 uyafanye kuwa zawadi ya Malkia Victoria. Mabaharia wayasimulie bandarini: mfalme kauawa, Dulinor kakimbia, warithi wanakusanya manowari. Fundi wako aliyenunua vipuri atakuwa ni mtu aliyesikia uvumi akauamini, jambo ambalo hutokea kila siku, nawe utakuwa umempatia sababu aliyoikosa. Baadaye ifike taarifa iliyo kinyume, nayo isiaminiwe na nusu ya bandari. Hata hivyo mchezaji mwenyewe, nje ya mchezo, aambiwe wazi kwamba vitabu havimfungi tena mwamuzi. Kumdanganya mhusika ni sehemu ya mchezo. Kumdanganya rafiki aliyelipa nauli ni jambo jingine.

Kete_na_Dadu (Arusha) amejibu:

Naomba radhi kwa kwenda kinyume na wote. Faida kubwa ya ulimwengu ulioandikwa tayari ni kwamba si mali ya mtu mmoja. Mgeni akijiunga, unampa kitabu naye anajua alipo. Ukibadilisha mambo, maktaba inakuwa kichwani mwa Nahodha peke yake, na siku akihamishiwa Mtwara kikazi kundi litabaki na wahusika wasiokuwa na dunia. Kama hataki mwaka 1116, arudi nyuma acheze 1105. Kalenda ina nafasi ya kutosha.

Fundi_wa_Kahe (Moshi) amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Ndugu wengine, habari zenu. Nimejitambua tangu aya ya tatu, hasa pale penye basi.

Nianze na kukiri: ndiyo, vipuri nilivinunua kwa sababu ya kitabu. Sikuwa na sababu nyingine, na wazo la Mwalimu kuhusu uvumi ni la ukarimu kuliko nilivyostahili. Lakini nieleze pia kwa nini nimekuwa mkaidi, maana Nahodha hakulitaja. Katika kikao cha sita tulipanga safari kwa kutegemea kwamba Vita ya Tano ya Mpakani ilikwisha mwaka 1110, kama ilivyoandikwa. Mhusika wangu alipigana vita hivyo. Mkono wake wa kushoto ni wa bandia kwa sababu hiyo. Tulipofika, tukaambiwa kwamba kituo kile bado kimezingirwa na kwamba kimezingirwa miaka yote, tukapoteza mzigo wote. Huenda Nahodha aliona ni badiliko dogo lenye kuleta msisimko. Mimi niliona kwamba mtu aliyepigana vita hakuambiwa kama vita vimekwisha.

Kwangu mimi tofauti iko hapo. Mambo yaliyopita yanajulikana na mhusika wangu, na yakibadilishwa kimyakimya ananyang’anywa kumbukumbu zake. Mambo yajayo hayajui, na kusema kweli hata mimi ningefurahi kutoyajua, kwa sababu kukaa mezani ukiwa umeshasoma mwisho ni kazi ya upweke. Tangaza siku ambayo vitabu vinakoma, nami nitavifunga. Yaliyo kabla ya siku hiyo, ukitaka kuyagusa, niambie kabla sijapanda basi.

BintiMachame (Moshi) amejibu:

Kwa hoja hii naondoa nusu ya niliyoandika kuhusu kutoharakisha. Nilifikiria habari za mbele tu, sikufikiria mkono wa bandia.

Nahodha_Njiro (Arusha) amejibu:

Fundi, pole kwa kile kikao cha sita. Sikujua kwamba jambo hilo ulilibeba muda wote huo, na ni kweli kwamba nilibadilisha usiku wa kuamkia Jumamosi bila kumwambia mtu. Ule mzingiro naufuta. Kituo kilikuwa kimezingirwa na maharamia kwa wiki tano, si kwa miaka mitano. Aliyewaambia vile alikosea au alidanganya, na mnaweza kumtafuta.

Nimeamua hivi. Siku ya mwisho ya mwaka 1115 ndiyo siku vitabu vinapokoma. Yote yaliyoandikwa kabla yake yanabaki yalivyo, na nikitaka kugusa hata moja nitaandika kwenye kundi letu la simu kabla ya Ijumaa jioni. Kuanzia siku ya kwanza ya 1116 sitasema kama mfalme yu hai, ila uamuzi nimeshaufanya, na nimeuandika kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha ambayo mke wangu ameihifadhi kabatini. Kete, hoja yako ya maktaba imenigusa, kwa hiyo nusu ukurasa wa BintiMachame nitauandika wiki hii na kuwapa nakala wachezaji wote: deni, mafuta, leseni, barua na mishahara ya forodha.

Kuhusu mishahara ya forodha, Fundi, vipuri vyako bado viko ghalani. Afisa wa bandari mnayofikia Jumamosi hajalipwa kwa miezi miwili, naye ameomba kuiona orodha ya mizigo. Tunaanza saa nane.