Re: Vitabu vya sayansi vya mtoto vimekwama forodha

Mama Neema, Hamburg:
Habarini ndugu zangu. Dada kaninunulia vitabu vya sayansi vya darasa la tatu hapo Dar, duka ndio likatuma, sasa boksi limekwama forodha, CN22, ile karatasi ya forodha inayobandikwa kwenye boksi, imeandikwa vitabu tu bila bei na wananidai rechnung, yaani ankara ya duka. Dada alilipa kwa M-Pesa, ile meseji nikiiprinti watakubali? Na ikishindikana nitajieni vingine vya Kiswahili vinavyopatikana huku, mtoto ana miaka minane, maswali hayaishi.

Baba Issa, Leicester:
Pole sana dada. Mbona vitabu havina kodi? Mimi naletewa kila mwaka sijadaiwa hata senti. Waambie ni zawadi.

Shangazi, Bremen:
Baba Issa usimpotoshe mwenzio. Hiyo ni Uingereza, VAT ya vitabu kwenu sifuri. Huku Ujerumani ni 7%, ushuru wa forodha ndio hamna, msichanganye. Na zawadi mwisho euro 45, tena iwe mtu kwa mtu, ikishatoka dukani hiyo si zawadi. Siku nyingine dada atume mwenyewe, aandike kila kitabu na bei yake.

Baba Issa:
Sawa, ila ungesema kwa upole.

Abu Salma, Rotterdam:
Vitabu vya huku navyo vyawachanganya watoto wetu. Cha binti yangu mwezi mchanga umechorwa umesimama wima, tulipokwenda Mombasa akauona umelala kama mashua, akanambia baba mwezi umeanguka! Ni vile kwetu Mombasa ni karibu na ikweta, lakini kitabu chake hakisemi hilo. Misimu nayo minne tu, kaskazi na kusi hazimo. Wallahi nimeukumbuka ule upepo wa kaskazi jioni pale Likoni.

Shangazi:
Ndio maana nasema Tanzania sayansi ifundishwe kwa Kiswahili mpaka sekondari. Mtoto kaelewa usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, vizuri shule ya msingi, akifika form one anaanza kukariri upya kwa Kiingereza, wengi wanapotelea hapo hapo.

Abu Salma:
Hayo ya kwenu. Kenya sayansi ni Kiingereza tangu msingi.

Dada Mwajuma, Malmö:
Mama Neema, TIE, ile Taasisi ya Elimu Tanzania, wana maktaba mtandao, vitabu vya shule unasoma bure. Kwenye tovuti ya StoryWeaver pia zipo hadithi za Kiswahili, unashusha unaprinti.

Mama Neema:
Ya TIE naijua dada, asante, ila huyu anataka kitabu cha kushika, alale nacho. Na ile meseji ya M-Pesa jamani?

Baba Issa:
Wakati unasubiri boksi mpe maharage, pamba na vikopo viwili aoteshe, kama tulivyofanya shuleni Tanga. Kimoja dirishani, kingine kabatini, vyote avimwagilie. La kabatini litarefuka upesi kuliko la dirishani ila limepauka na kulegea, mwache akisie kwa nini kabla hujamwambia.