Re: Kijana kaitwa kwenye boti za nyavu za samoni, mto Columbia

Kutoka: Mama wa watoto wanne, Gresham

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Kijana wangu wa kwanza ameitwa na mzee mmoja mwenye boti akamsaidie kuvua samoni kwa nyavu mto Columbia, hapa Oregon, kuanzia Agosti. Malipo ni mgao, si ya saa. Amekulia Kigoma, nyavu anazijua tangu mdogo, basi hashikiki kwa furaha. Mimi wasiwasi wangu ni sheria. Kadi ya kijani ya ukaazi wa Marekani tunayo, mwakani tunaomba uraia, sitaki kitu cha kutuharibia. Je, mtu anapanda tu boti na kuvua? Leseni ni ya boti au ya kila mtu? Na mbona mwenye boti mwenyewe anasema hajui watavua siku gani?

Jambo jingine: tuna harusi mwezi wa tisa. Samoni wa kununua mtoni, wapi ni halali?

---

Kutoka: Baharia, Astoria

Mama, shikamoo. Kazi hii nimeifanya hapa Astoria misimu kadhaa. Nakuomba yasome yote na kijana akiwepo.

Nianze na siku, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Mwenye boti hajakudanganya. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tarehe ikapita, watu wakarudi majini. Columbia ni kinyume. Kwa boti za biashara mto umefungwa wakati wote, unafunguliwa kwa amri, na amri inahesabu saa. Mara nyingi mwezi wa nane utasikia hivi: kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, eneo la 4 na la 5, kati ya Warrior Rock na Beacon Rock. Saa kumi na mbili ikigonga, wavu uwe umeshatoka majini. Usiku unaofuata huna ruhusa mpaka amri nyingine iseme.

Wanaoamua ni majimbo mawili kwa pamoja, kwa sababu mpaka wa Oregon na Washington unapita ndani ya mto. Makubaliano yao yaliidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1918, na kikao chao kinaitwa Columbia River Compact. Ni kikao cha wazi, hata wewe unaweza kusikiliza. Wataalamu wanaleta hesabu: samaki wangapi wamepita kwenye ngazi za kupandia samaki za bwawa la Bonneville, wangapi wameshavuliwa, wangapi wamebaki. Hesabu ikiwa nzuri wanaongeza usiku mmoja au mbili. Ikishuka, hata usiku uliokwisha kutangazwa unafutwa, na hakuna wa kumlilia. Kwa hiyo kijana asiache kazi yake ya sasa akitegemea mshahara wa kila wiki. Hautakuwepo.

Ukali huu una sababu, na mimi nauunga mkono. Samoni wengi wanaopanda mto huu wametoka vituo vya kutotolea vifaranga, lakini wanapanda pamoja na koo za asili zilizobaki chache, ambazo zinalindwa na sheria ya nchi nzima ya viumbe walio hatarini. Wa kwanza kuingizwa kwenye ulinzi huo walikuwa samoni aina ya sockeye wa mto Snake, unaoingia Columbia, mwaka 1991. Wavu haubagui. Basi sheria ndiyo inayoubagulia.

Tazama matundu. Agosti, huko maeneo ya 4 na 5, tundu la wavu halitakiwi kuwa chini ya inchi 9. Mtu wa ziwani atashangaa, inchi 9 ni shimo la kupitisha kichwa cha mtoto! Lakini anayetafutwa hapo ni Chinook, samoni mkubwa na mnene, na anayetakiwa apite bila kuguswa ni steelhead, jamaa wa samoni, ambaye ni mwembamba. Steelhead akinasa kwenye boti zetu haendi sokoni, anarudi majini. Na sturgeon pia, samaki mwingine wa mto huu, awe mkubwa kiasi gani. Wavu wenyewe usizidi futi 1,500.

Wakija samoni aina ya coho huku chini karibu na bahari, mambo yanageuka. Hapo unatumia wavu wa tundu dogo, lisilozidi inchi 3 na robo tatu. Kwetu tundu dogo ni dhambi, ndilo linalomaliza samaki wachanga. Hapa limewekwa ili samaki asife: kichwa hakipenyi, ananasa kwa meno na pua, matamvua yanabaki huru na anaendelea kupumua mpaka unampandisha. Ndiyo maana wavu huo haukai majini zaidi ya dakika 30, na saa inaanza kuhesabiwa pale kipande cha kwanza kinapogusa maji, si pale unapomaliza kumwaga.

Kijana ajifunze kuangalia mgongo. Samoni ana pezi dogo laini, halina miiba, liko kati ya pezi la mgongoni na mkia, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Wa kituoni amekatwa pezi hilo akiwa kifaranga, kwa hiyo utakuta ngozi imefunga, ina kovu laini. Huyo unaweka. Ukiona pezi lipo, na amri ya siku hiyo inadai waliokatwa tu, unamrudisha. Akitoka damu au amelegea humtupi hivyo hivyo. Kuna sanduku la kumfufulia, pampu inaingiza maji ya mto na kuyapeleka usoni kwake. Unamlaza kichwa kikielekea maji yanakotoka, unasubiri mpaka apige mkia kwa nguvu zake. Usiku, baridi, taa moja ya kichwani, mikono ina ganzi, na wavu bado unavutwa. Watu wanachoka hapo na kuanza kukisia. Mwambie asikisie hata mara moja.

Sasa karatasi. Oregon kila anayefanya kazi ya kuvua ndani ya boti ana leseni yake ya uvuvi wa biashara. Boti ina leseni yake. Juu ya hizo kuna kibali cha nyavu za Columbia, idadi ya vibali hivyo ina kikomo, na hicho ni cha mwenye boti. Kijana asipande kabla ya kukiona kwa macho yake. Akikataa kuonyesha, kazi hiyo si kazi. Boti inaweza pia kutakiwa kumchukua mwangalizi anayehesabu kila kinachotoka. Mpisheni, mpeni nafasi ya kusimama.

Huku Oregon askari wa samaki ni polisi kamili wa jimbo, si bwana samaki wa kuandikisha daftari. Makosa ya uvuvi wa biashara yanaweza kufikishwa mahakamani kama jinai. Na fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Hapo ndipo hofu yako ya mama ina haki kabisa. Ikitokea akaandikiwa, aende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hajalipa faini, kwa sababu kulipa kunaweza kuhesabiwa kuwa kukiri.

Na mgao: kwenye boti ndogo kama hizi baharia anahesabika amejiajiri. Hakuna anayekukatia kodi. Mwisho wa mwaka serikali inataka asilimia 15.3 ya karibu faida yote kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, kabla hata ya kodi ya mapato. Atenge fungu hilo kila anapolipwa. Na makubaliano ya mgao yaandikwe: mafuta yanatolewa kabla ya kugawana au baada? Barafu? Chakula? Boti inachukua fungu lake, wavu fungu lake, kama kwetu tu, ila hapa wakigombana hakuna mzee wa mwalo wa kuwapatanisha.

Kama hana uzoefu wa mto wenye mkondo mkali na maji ya kujaa na kupwa, aanzie Youngs Bay hapa Astoria. Ni moja ya maeneo ya pembeni ambako samoni wadogo hulelewa kwenye vizimba na kuachiwa papo hapo, wakikua wanarudi walikoachiwa. Kwa hiyo kule nyavu zinapewa saa nyingi kuliko kwenye mto mkuu. Koti la kuokolea asilivue. Maji haya yanaua kwa baridi kabla hujachoka kuogelea.

---

Kutoka: Baba wa Vancouver, ng'ambo ya pili ya mto

Mama, habari. Baharia amesema vema, naongeza ya upande wangu: leseni za Washington ni za Washington. Boti ikishusha samaki huku, ofisi ni nyingine na askari ni wengine. Kijana aulize boti itauzia wapi.

Kuhusu samaki wa harusi. Nenda Cascade Locks, chini ya daraja la Bridge of the Gods. Pale wanauza wavuvi wenyeji wa asili. Kutoka bwawa la Bonneville kwenda juu hadi bwawa la McNary uvuvi wa biashara ni wao peke yao: makabila ya Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce. Nimesikia watu wetu wakisema wamependelewa. Si kweli. Mwaka 1855 walisaini mikataba, wakatoa ardhi kubwa mno, wakabakiza haki ya kuvua mahali walipovua siku zote. Kisha mwaka 1957 bwawa la The Dalles likazamisha maporomoko ya Celilo, walipokuwa wakivua na kufanya biashara tangu enzi za mababu. Haki yao ilibidi idaiwe mahakamani, na mwaka 1969 jaji wa Oregon akaamua wana haki ya fungu la kweli, si makombo. Sisi tuliofukuzwa kwetu tungekuwa wa kwanza kuelewa.

Wao nao wanauza kipindi chao cha biashara kikifunguliwa. Hakikisha kimefunguliwa, nenda asubuhi, chukua fedha taslimu na sanduku la barafu, na omba stakabadhi iliyoandikwa. Stakabadhi ndiyo kinga yako ukisimamishwa njiani.

---

Kutoka: Mama wa watoto wanne, Gresham

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea kijana, amenyamaza, anafikiri. Swali moja tu: kuna kaka hapa mtaani ana leseni ya ndoano, anasema atatuuzia samoni kwa bei ya chini kuliko mtoni. Naye ni wetu, ana watoto. Hiyo je?

---

Kutoka: Baharia, Astoria

Hapana, Mama. Samaki wa leseni ya ndoano ni wa kula nyumbani, au kumpa mtu bure. Akiuza amevunja sheria, na wewe ukinunua umeingia naye. Mweleze kwa upole, pengine hajui. Boti za Astoria wapo wenye kibali cha kuuzia wananchi moja kwa moja. Wengine wote wanauzia wanunuzi wenye leseni, na kila mzigo unaandikiwa ripoti ya kielektroniki ndani ya saa 24.

Mwambie kijana anipigie kabla hajampa yule mzee jibu, nitampa maswali ya kumuuliza. Na tangazo la kikao likitoka nitalituma hapa siku hiyo hiyo, pamoja na saa kwa Kiswahili, maana 9 ya usiku na saa tatu zimeshawachanganya watu.