Msaada: vyanzo vya mtandaoni kwa utafiti wa sheria ya habari Tanzania

Mwanachuo_Sheria:
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, shahada ya sheria. Utafiti wangu unahusu kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, kama kosa la jinai kwa waandishi wa habari. Vitabu vya maktaba yetu vingi bado vimekwama kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo ilishafutwa. Mtandaoni nako nakala za Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zimezagaa, na blogu zinataja hukumu bila kusema zimezitoa wapi. Nianzie wapi?

Wakili_wa_Pwani:
Anzia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, mdogo wangu. Ni bure na inasimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Kila hukumu ina namba yake: ukiona TZCA ujue ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Nukuu kwa namba hiyo, msimamizi ataifikia mwenyewe.

Ila kuwa macho sana na hiyo sheria ya 2016. Nakala nyingi zinazozunguka ni ile iliyopitishwa mwanzo, wakati mwaka 2023 Bunge liliirekebisha na kashfa ikaondolewa kwenye makosa ya jinai. Ukishusha PDF ya zamani utaandika sura nzima juu ya kifungu ambacho hakipo tena! Halafu kuna Toleo la Urekebu la 2023, yaani mkusanyo wa sheria za nchi uliohuishwa, lililoanza kutumika Julai 2025. Linganisha namba za vifungu kabla hujanukuu.

Mama_Tasnifu:
Naongezea. Usiishie kwenye mahakama za ndani. Ingia tovuti ya Mahakama ya Afrika Mashariki, tafuta Shauri Na. 2 la 2017, Baraza la Habari Tanzania na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Hukumu ilitoka Machi 2019, ikasema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya kashfa na uchochezi vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Isome yote, mwanangu. Taarifa za magazeti zilibeba matokeo tu, na wewe unahitaji hoja: majaji walipima vipi kama zuio ni la lazima na lina uwiano? Hapo ndipo utafiti wako ulipo.

Soma pia Konaté dhidi ya Burkina Faso, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Desemba 2014. Mhariri alifungwa mwaka mmoja kwa kashfa, na mahakama ikaona kifungo hicho kimevuka mpaka.

Jirani_wa_Nairobi:
Ukitaka kulinganisha, Kenya Law, tovuti ya hukumu na sheria za Kenya, ni bure pia. Tafuta Jacqueline Okuta dhidi ya Mwanasheria Mkuu, 2017. Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, ni kinyume cha Katiba.

Mwanachuo_Sheria:
Asanteni sana. Na kesi ninazopewa na akili mnemba?

Wakili_wa_Pwani:
Usiweke hata moja ambayo hujaifungua mwenyewe. Inaweza kukutungia jina la kesi, mwaka na hata majaji, vikapendeza kabisa. Ukikosa shauri TanzLII, piga simu masjala ya mahakama husika uulize kwa namba. Isipopatikana, litoe.

Mama_Tasnifu:
Na kila ukurasa unaotumia, hifadhi nakala na uandike tarehe uliyoufungua. Viungo vinakufa, na kwenye utetezi wataomba kuona.