Shamba la binti yetu niandike kwa jina la nani?

Mwalimu_Mstaafu:
Hamjambo ndugu zangu. Nina miaka 68, mke wangu 63, tuko Bahati hapa Nakuru. Watoto ni wawili. Kijana yuko Eldoret na familia yake. Binti ana miaka 29, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, na maneno yake machache tunayaelewa mimi na mamake tu. Kuoga, kula, kugeuzwa usiku, yote ni sisi.

Mwezi jana nililazwa siku nne kwa presha, na pale kitandani presha sikuiwaza kabisa. Nina ekari moja na nusu, na vyumba sita vya kupangisha Free Area. Wazee wa ukoo wanasema niandike vyote kwa jina la kijana, aahidi kumtunza dadake, maana "yule shamba atalifanyia nini". Kijana ni mwema. Lakini kuna kitu kinanikwaruza moyoni.

Nyar_Ahero:
Mwalimu, usifanye hivyo, na sisemi kijana ni mwizi. Baba alimwandikia kaka yetu mkubwa kila kitu, na kweli alimtunza mdogo wetu vizuri miaka saba. Kisha kaka akafa ajalini. Shamba lilikuwa lake, likaenda kwa mkewe na wanawe. Shemeji ana watoto wanne wa kusomesha, akauza kipande, kisha kingine. Mdogo wetu yuko kwangu sasa, hana hata mti. Na hakuna wa kumlaumu, hilo ndilo linaloniuma.

Boda_Naka:
Si umwite kijana mbele ya wazee, useme, yaishe? Wakili ni pesa bure.

Karani_Mkongwe:
Boda, wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika, lakini aliyeutamka akiishi zaidi ya miezi mitatu haufai kitu. Mzee ametoka hospitali, Mungu ampe ishirini!

Mwalimu, nimefanya kazi kwa wakili miaka mingi. Andika wosia, na ndani yake uunde amana: vyumba vya Free Area vishikwe na wadhamini, yaani watu wa kuisimamia mali kwa niaba yake, kodi imtunze binti maisha yake yote, na useme kitakachobaki kiende kwa nani. Kijana awe mdhamini, lakini asiwe peke yake. Anayepokea kodi asiwe ndiye anayekagua daftari. Taja na wa akiba, maana wadhamini nao hufa. Saini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote, wala wenzi wao wasirithi. Nimeona fungu la mtu likibatilika kwa sababu tu alitia saini kama shahidi.

Kumwandikia binti hati peke yake nako ni mtego. Kama hawezi kusaini, paa likiharibika au mpangaji akigoma, mtajikuta mahakamani kuomba msimamizi wa mali yake.

Gurudumu_Kisumu:
Mimi natumia kiti cha magurudumu. Binti mwenyewe mmemuuliza anataka kukaa na nani? Maneno machache ni maneno.

Pacha_wa_Kakamega:
Mali ni nusu ya kazi, Mwalimu. Mama alikufa na kila kitu kichwani. Miezi mitatu pacha wangu alipiga kelele kila jioni, nikampeleka hospitali mara mbili. Kumbe alitaka redio. Andikeni daftari: dawa na saa zake, anavyolala, anachokikataa.

Mwalimu_Mstaafu:
Asanteni. Gurudumu, swali lako lilinipa aibu. Tulimuuliza jana, na hakumtaja kakake. Alimtaja shangazi yake wa Njoro, mara tatu, ndipo mke wangu akaanza kulia.

Kijana anakuja Jumapili, nimemwambia aje na mkewe. Shangazi naye nimempigia. Daftari tumelianza: mama amejaza kurasa nne na bado hajafika kwenye chakula.